Idara ya Undugu

Kwa furaha isiyo na kifani, kampuni yetu ya migahawa ya kahawa ilitangaza kwamba haina tena mfanyakazi hata mmoja. Wote walipandishwa cheo wakawa familia. Mimi niliteuliwa Mkuu wa Idara ya Undugu, nikapewa na kiti cha kuzunguka.

Sera ilikuwa nyepesi kueleweka. Ndugu hadai malipo ya saa za ziada, kwa kuwa ndugu husaidiana. Mkurugenzi akawa Baba. Picha yake akiwa amewakumbatia wanawe ikabandikwa kila tawi, na wateja wakafuta machozi huku wakinunua keki.

Kisha dada wa mashine ya kahawa, tawi la sokoni, akaungua mkono kwa mvuke. Alikuja ofisini kwangu mkono umefungwa bandeji, uso umemsawajika.

"Bosi, daktari kasema nipumzike. Naomba matibabu na likizo yenye mshahara. Nina mtoto mdogo."

"Dada yangu," nikamwambia kwa sauti ya kiofisi, "hiyo ni lugha ya waajiriwa. Likizo wanapewa watu baki."

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Mwana wa Baba."

"Haya. Na mwana akiugua, anauguzwa wapi?"

"Nyumbani kwao, bila shaka," nikajibu. Nilifurahi kuona somo limemwingia.

Jumapili nilikuwa sebuleni kwa Mkurugenzi, kwenye kikao cha kupongezana, kengele ya geti ikalia. Alikuwa yeye, mtoto mgongoni. Nyuma yake lilisimama tawi zima la sokoni, na magodoro kichwani.

"Hodi! Baba, nimekuja kuuguzwa."

"Na sisi tumemsindikiza dada yetu," wenzake wakaitikia. "Tupo mpaka apone."

"Watimue," Mkurugenzi akaninong'oneza. Lakini mama yake mzazi alishatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mbona hawa wanakuita baba?"

Kwa mujibu wa cheo changu, nikafafanua: "Ni wanawe, Mama. Imeshatangazwa rasmi."

"Wote hawa? Na mkeo anajua?" Kisha akamwona mtoto, akayeyuka. "Jamani, na kitukuu! Karibuni ndani. Na wewe, mpishe mgonjwa chumba chako, halafu uwachemshie wanao kahawa."

Ndipo ilipobainika kwamba Mkurugenzi hajui kuchemsha kahawa. Mama yake aliionja, akaenda kuitema kwenye sinki.

Kufikia Jumanne Mkurugenzi alikuwa analala kwenye kochi na kupanga foleni ya bafu lake mwenyewe. Akaitisha kikao cha dharura kwenye gereji yake, akaufuta undugu wote. Matibabu, likizo, saa za ziada, kila kitu kikatiwa saini juu ya boneti ya gari. Dada wa mashine akasaini kwa mkono mzima, akambusu bibi, wakaondoka.

Idara yangu ikavunjwa siku hiyohiyo. Nikadai mafao.

Mkurugenzi akanishika bega. "Mafao? Wale ndio waajiriwa. Wewe ni ndugu yangu kabisa."

Sasa nipo getini kwake na begi langu. Nimepiga hodi. Mama amechungulia dirishani, akamwambia mlinzi kwamba katika wajukuu zake wote, sura hii haikumbuki.