Kinyanjui Ashika Kipande Kwa Kagiri

Enyi watu wa Gatina, zimeni redio, shusheni mabeseni, jazaneni mpaka mlango ukatae kufungika, msikie vita alivyopigana Kinyanjui mwana wa Dedan, bwana wa ploti ya vyumba vya kupangisha, ya mabati mekundu, mvunja mbavu za mbuzi, jioni ile mbele ya ubao wa nyama wa Kagiri.

Asubuhi yake daktari alikuwa amemtajia adui: kolesteroli. "Mzee, hii kitu haiumi. Inajipaka tu ndani ya mishipa, polepole. Siku damu ikikosa njia, ni moyo ama ni stroke." Kinyanjui akamkumbuka kaka yake Ephantus, aliyepindwa mdomo, ambaye mkono wake wa kulia hauwezi tena kufunga kifungo cha shati. Akaapa mbele ya mkewe Wagaki: mutura, ule utumbo mnono uliojazwa nyama na damu ukachomwa, hautapita tena kooni mwake.

Lakini ole wake! Kwa Kagiri mchoma mutura palitawala sheria kongwe kuliko lami ya mtaa: asiyeshika kipande hasimuliwi. Nani kahama usiku, nani kaokoka tena, yote yaligawiwa pale pamoja na chumvi. Na jioni hiyo, walipomwona tu, wakanyamaza ghafla. Kinyanjui, ambaye angeweza kuishi bila nyama lakini si bila habari, akasogea mpaka ubaoni.

"Landlord! Niaje?" akanguruma Oketch, mchomelea vyuma. "Shika kitu tukupashe. Leo iko moto."

"Leo sili."

"Kuonja si kula!" akatangaza Kagiri, kisu juu. "Hata babu zako walionja, na walizeeka!"

Hapo shujaa akautwaa mkuki wa kijiti, akakichoma kipande, akakishika. Akakishika tu. Mafuta yakamteremka mpaka kwenye saa, moshi ukazingira pua kama jeshi lililozingira boma, mate yakapiga kambi. Naye akasimama imara, macho kwenye nyaya za stima, akiona kifungo cha Ephantus.

"Haya, semeni. Nimeshika."

Wakatazamana. Kweli, sheria haikusema ameze. Oketch akakohoa. "Ni hivi... inasemekana unakufa. Eti umeonekana ukitoka hosi, kwa daktari, na ploti inatafutiwa mnunuzi."

"Nani anasema?"

"Si... ni sisi tu."

Kinyanjui akacheka mpaka kijiti kikatikisika, kisha akakirudisha kipande ubaoni, kizima, hakijaguswa na jino. Kagiri akakitazama kama mfalme aliyerudishiwa bendera. Akachota nyanya na kitunguu, akamtilia kiganjani.

"Basi shika kachumbari, marehemu. Tuendelee."

Nyumbani Wagaki alikuwa mlangoni. Akamnusa mkono: mutura! Akakunja uso, akamshika taya, akanusa mdomo: kitunguu kitupu. Ndipo akampigia ngemi, vigelegele vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume aliyezaliwa, na ploti nzima ikatoka nje kuuliza ni nani amejifungua.