Jiwe la Pipa la Kabichi

Jumatatu, 4 Novemba

Jirani yangu Rangel kaanza kuchimba msingi. Nyumba ya wageni, ghorofa mbili, hatua tatu kutoka ukuta wangu, tena upande wa kusini, ambako kwetu ndiko liliko jua. Maana yake mzabibu wangu, alioupanda babu, hautaona jua tena hadi kiama. Nimemwambia. Kanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi: "Jirani Lozan, zabibu zako zilikuwa kali kama siki hata jua likiwepo." Zege linamwagwa Jumatatu ijayo.

Nina siku saba. Sizihitaji zote.

Alhamisi, 7 Novemba

Hapa Plovdiv, mji mkongwe wa Bulgaria, ukichimba shimo la kupanda vitunguu unakutana na mabaki ya Mrumi wa kale. Kila mtu anajua la kufanya: unatazama kushoto, unatazama kulia, unamwaga zege. Watu wa makumbusho wakisikia, ujenzi umelala miaka. Mtaro wa Rangel nimeuchungulia mara nne. Udongo mtupu. Hata Warumi walimkwepa.

Mchana nimeshuka ghalani kuzungusha maji ya chumvi kwenye pipa la kabichi tunazochachusha kwa ajili ya majira ya baridi. Unayachota kwa chini, unayarudisha kwa juu. Na pale juu, kama kila mwaka, jiwe la marehemu mama mkwe, linalozikandamiza kabichi zisielee. Ubavuni lina mistari mitano ya herufi za Kigiriki. Miaka thelathini nalitazama bila kuliona! Akili kama yangu haizaliwi kila siku.

Ijumaa, 8 Novemba

Sikukuu ya jina la Rangel, siku ya Malaika Wakuu, ambao kaitwa kwa jina lao. Haalikwi mtu, mtaa mzima unaingia tu. Zlatina, mke wangu, katangulia na keki. Mimi nimefuata na kilo ishirini ndani ya blanketi. Wote walikuwa mezani. Nimepitia uani, nimeliachia jiwe mtaroni, nimelirushia udongo kidogo, kisha nimeingia kumtakia mwenye sikukuu maisha marefu. Kanikumbatia. Kauliza mbona natoka jasho. Nimesema ni furaha. Nyama yake ilikuwa nzuri, nimekula sahani tatu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepiga simu makumbusho. Raia mwema asiyependa kutajwa jina. Saa nne kafika Daktari Nevena, mwanaakiolojia, mwembamba, buti zimejaa matope. Lori la zege limerudishwa getini. Rangel kaketi juu ya mifuko ya saruji, kashika kichwa. Nimempelekea kahawa. Mimi si mnyama.

Jumatano, 13 Novemba

Daktari ana mashaka. Mtaro mzima hauna hata kigae, halafu jiwe zuri namna hii peke yake? Kisha kalinusa. Kalinusa tena. Kamwita mwenzake naye anuse. Nimewaeleza, kama jirani tu mwenye elimu kidogo, kwamba Warumi walikuwa wanapenda sana kabichi. Daktari kaandika kitu kwenye daftari. Sikupenda alivyokiandika.

Alhamisi, 14 Novemba

Zlatina kashuka ghalani. Kabichi zote zinaelea, ukungu juu. Kauliza jiwe liko wapi. Nimesema huenda limeyeyuka kwa chumvi. Kaenda kwa Rangel kuazima jingine, na huko, juu ya meza ya Daktari, kakutana na jiwe la mama yake, limepigwa brashi na kupewa namba. Nimemsikia nikiwa juu ya ngazi, napogoa mzabibu: "Hili jiwe langu la kabichi! Nani kalitoa kwenye pipa?" Mtaa wote ukageuka kunitazama.

Daktari hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimuuliza Zlatina kwa heshima marehemu alilipata wapi. Zlatina, ambaye miaka yote hii hajajifunza chochote kutoka kwangu, kanyoosha kidole. Pale, kwenye mizizi ya mzabibu wetu.

Nimetia sahihi karatasi mbili. Moja ya ruhusa ya kuchimba kwangu, moja ya onyo.

Jumatatu, 18 Novemba

Mzabibu wa babu umeng'olewa. Nimelia, sifichi. Chini yake kuna ukuta wa Kirumi, mzuri mno, wa kuchimbwa miaka mitatu. Rangel kamwaga zege asubuhi. Anaongeza ghorofa ya tatu, ili wageni wake wauone uchimbaji vizuri. Kaniletea kahawa.

Jumatano, 20 Novemba

Rangel katuazima jiwe la pipa, wao wanayo mawili. Nimemwapia Zlatina kwa kaburi la mama yake kwamba sitahamisha jiwe tena maishani. Na sijalihamisha. Nimeligeuza tu. Kwa chini lina jani la kuchongwa, la kale kabisa, na Rangel hajawahi kumwambia mtu yeyote! Namba ya Daktari ninayo. Ni kweli kwamba kwa sasa jiwe limo kwenye pipa letu, lakini hilo ni jambo dogo la kueleza. Napiga kesho saa mbili asubuhi, bila kutaja jina.