Kuhusu Adapta ya Nje Iliyonichanganya na Jodari

Mabela, Maskati
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa Ami yangu mheshimiwa Zahor,
Mkuu wa Mafundi wa Simu za Nyumbani

Assalaam alaykum.

Natumai barua hii imekukuta mzima. Kama imekukuta unakula, tafadhali maliza kwanza, kwa sababu ndani yake mna samaki.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, mama yako, ambaye kwangu ni Bibi Mahfoudha, ameniamuru nimsomee kila ninachokuandikia kabla sijakitia kwenye bahasha. Pili, karani anayepokea barua ofisini kwako anasoma Kiarabu na Kiingereza vizuri sana, na mimi mwenyewe nikiwa karani, najua makarani tunavyosoma barua za watu.

Ami, mimi si mtu wa kulalamika. Kule kazini, Al Khuwair, kiyoyozi kilipoanza kunidondoshea maji mezani, nilihamisha mafaili, kisha nikahama mimi, wala sikuandika neno. Lakini safari hii kinachodondokewa ni ndoa yangu, nami sina pa kuihamishia.

Kama unavyojua, Bibi amepeleka posa Qurum kwa Bi Masouda, kumtaka binti yake Rahila awe mke wangu. Na kama unavyojua pia, Bibi hakubali posa ijibiwe kwa simu ya mkononi. Anasema simu ya mkononi mtu huipokea hata akiwa chooni, na yeye hataki mjukuu wake akubaliwe kutoka chooni. Ndiyo maana aliwapa nambari ya simu ya nyumba, ile yenye kamba. Waya za zamani zilipong'olewa mtaani kwetu, wewe ndiye uliyetuletea kile kiboksi, yaani adapta, cha kuiunganisha simu ya Bibi na kompyuta yangu ili sauti zipite humo. Ulikiweka juu ya kabati la viatu, ukasema, "Maan, wewe msomi, utaifunga mwenyewe," ukaondoka kabla chai haijaja.

Yaliyofuata nayapanga kwa nambari ili usipate tabu.

1. Jina la kifaa.

Juu ya boksi imeandikwa, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwamba hii ni adapta ya nje. Bibi aliniuliza imeandikwaje, nikamtafsiria. Akasema, "Basi ya nje ikae nje." Nilimweleza kwa adabu kwamba pengine maana yake ni nje ya kompyuta. Akaniuliza kama imeandikwa "nje ya kompyuta" au imeandikwa "ya nje." Nikatazama tena. Imeandikwa "ya nje." Mimi kazini sijapata kuongeza neno katika waraka wa mtu, na sikuona kwa nini nianze na wa kampuni yenu. Bibi akasema nyumba hii tangu hapo wa nje hupokelewa barazani, hupewa kahawa yake na tende zake, na hakuna aliyewahi kununa.

Basi niliipigilia ukutani, upande wa magharibi, chini ya mtambo wa kiyoyozi, waya nikaupitisha dirishani. Nauliza kwa heshima: watu wanaouza vitu Maskati, na wanaolijua jua la Mabela la mwezi wa Julai, walishindwa nini kuandika neno moja zaidi? Adapta ilipata moto hadi paka aliyekuwa akilala chini yake akahamia kwa jirani. Bibi aliionea huruma, akaifunika kanga. Ikazidi moto.

2. Maswali.

Nilipoiunganisha na kompyuta, kompyuta ilianza kuniuliza. Unakubali? Nikakubali. Unakubali na hili? Nikakubali. Ami, mtu aliyekulia ofisini, swali lililoandikwa kwa lugha rasmi hulijibu "ndiyo" kwanza, kisha ndiyo hujiuliza lilikuwa swali gani. Baadaye niligundua nilikuwa nimekubali kwamba simu ikilia kompyuta iipokee yenyewe, na sauti ya anayepiga itoke kwenye zile spika kubwa za sebuleni tulizonunua kwa ajili ya maulidi. Nimetafuta mahali pa kukataa nilichokubali. Nilipopapata, pameandikwa, "Una hakika?" Sikuwa na hakika, nikapaacha.

3. Kuchelewa.

Sauti zinafika, siwezi kuisingizia kampuni. Lakini zinafika kama mtu anayetoka Sohar na kusimama kila kituo cha mafuta. Unasema neno, unangoja, unadhani hukusikika, unasema jingine, ndipo la kwanza linajibiwa. Bi Masouda alipopiga Ijumaa, Bibi alimuuliza hali ya magoti. Kimya. Akamuuliza hali ya watoto. Akajibiwa kwamba la kulia limepungua uvimbe, ila la kushoto bado halikunjiki.

Hapo Bibi hakubabaika. "La kulia" haliwezi kuwa mtoto, akajua ni goti. Lugha yetu ina mpango mzuri: kila kitu kimefungwa kitambulisho chake, na jibu likipotea njia mwenyewe hulitambua, kama mtu anavyotambua sanduku lake uwanja wa ndege. Goti lina kitambulisho chake, mvua ina chake, viatu vina vyao.

Balaa ni masanduku mawili yanapofanana.

4. Jodari.

Siku ya kupeleka posa, Bibi alipeleka pia jodari mzima, ambaye yeye mwenyewe alimchagua sokoni. Katika mazungumzo yale ya Ijumaa akauliza, "Na yule jodari, mumempataje?" Kimya. Bibi akaona asiendelee kuzunguka, aingie kwenye jambo lenyewe. Akasema, "Na huyu kijana wetu Maan, mumemwonaje?"

Ndipo sauti ya Bi Masouda ikatoka katika spika zote mbili, safi kama ya mtangazaji, mbele ya Bibi, mbele yangu, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima ngazi:

"Mashaallah, tumemwona. Mkubwa, kwa umbo hana kasoro. Lakini nikwambie kweli, dada yangu, macho yameshaingia ndani, na ukimbonyeza hapa nyuma ya shingo, analegea. Rahila alimnusa tu, akasema, mama, huyu si wa kuweka. Basi tukampa Nambi, msichana wetu wa Kiganda. Yeye kamfurahia, anasema kwao wanajua kuwatengeneza kama hawa, atamning'iniza juu ya moshi."

Bibi alinyanyuka akiwa ameshika mkono wa simu. Akasema, "Kama hamumtaki, mrudisheni mzima kama alivyokuja." Akakata. Jirani alisahau ngazi, lakini habari hakuisahau, na kabla ya Isha ya siku ile watu msikitini walikuwa wakinipa mkono kwa upole usio wa kawaida.

Mimi kwa elimu yangu naamini jibu lile lilikuwa la samaki. Nilimweleza Bibi kwamba katika Kiswahili samaki anakuja, mchumba anakuja, samaki analegea, mchumba analegea, wote wawili wamo ngeli moja, na adapta imewapishanisha. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Samaki ana shingo?"

Ami, tangu hapo sina usingizi. Samaki hana shingo. Nilikwenda kwenye kioo cha bafuni. Macho yangu, kwa ajili ya kompyuta, kweli yameingia ndani kidogo. Nikajibonyeza nyuma ya shingo. Panalegea. Na Rahila nilionana naye mara moja tu, kwenye harusi ya watu, nikiwa nimetoka ofisini moja kwa moja na kiyoyozi cha gari kimeharibika. Kwa hiyo hata suala la kunusa siwezi kulikanusha kwa ushahidi.

5. Alhamisi.

Bibi ameamua kwenda Qurum Alhamisi kuiondoa posa kwa mdomo wake. Ameshatoa kabatini lile baibui zito na bangili zote, na wewe unajua mama yako huzivaa pamoja pale tu anapokwenda kumaliza udugu na watu. Akitamka, imekwisha. Hajapata kurudisha neno, na mimi sijapata kumpinga.

Sitaki imalizike. Siku ile ya harusi Rahila aliniuliza kama naogopa watu. Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema, "Hata mimi, tena hawa wa leo wengi." Tukakaa kimya karibu na majagi ya maji, na ulikuwa ukimya mzuri kuliko mazungumzo yote niliyowahi kufanya. Ami, mimi sitapata mwingine wa kuogopa naye.

Utauliza kwa nini nisimpigie Bi Masouda mwenyewe. Nikishapiga niseme nini? "Shikamoo, yule mliyempa Nambi amning'inize juu ya moshi ni mimi au ni samaki?" Na kwa adapta hii, nitajuaje jibu nililopata ni la swali hilo?

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo.

Kwanza, kampuni itoe barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba jibu lililofika siku ya Ijumaa lilikuwa la jodari.

Pili, kama kampuni haiwezi, uje kabla ya Alhamisi uiondoe adapta. Nimeipigilia kwa misumari mirefu kwa sababu niliogopa isianguke, kwa hiyo uje na mtu mwenye nguvu.

Tatu, kwa kuwa kuiondoa ya kwetu peke yake haitasaidia jirani ambaye naye ana mjukuu, naomba waya za zamani zirudishwe Mabela nzima. Na kwa kuwa upande wa pili wa mazungumzo uko Qurum, zirudishwe na Qurum, pamoja na barabara kuu yote iliyo katikati.

Nne, kama hayo yote ni mazito, naomba angalau kampuni itoe tangazo kwa wateja wanaosema Kiswahili kwamba laini hizi zitumike kwa vitu visivyo na uhai. Watu wazungumze magoti, mvua, nguo, halwa na bei za viwanja. Mwenye haja ya kuzungumza mtu, samaki, kuku, mkwe au mbu, apande gari aende. Najua itapunguza simu, kwa sababu nikifikiri sana, watu wetu hawana mengine ya kuzungumza. Lakini waliobaki wataelewana.

Nisalimie shangazi na watoto, na yule mzee mlinzi wa mlangoni kwenu anayenipa maji kila nikija. Msalimie pia karani wa barua, kama ameshapata wa kumtafsiria.

Ni mimi mtoto wako, ninayekuheshimu na ambaye tayari najuta kwa ukali wa ombi la tatu,

Maan

Tanbihi. Ami, bahasha nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi, nimeichana. Aziz, kaka yake Rahila, yuko mlangoni na jodari mpya, mkubwa kuliko yule wa kwanza, macho yanang'aa. Anasema mama yake amefadhaika tangu Ijumaa kusikia Bibi anataka samaki wake arudishwe mzima kama alivyokuja. Huyo wa kwanza hawezi kurudi, Nambi keshambanika, na wenziwe wamemla wakamsifu. Ndiyo wakamtafuta huyu badala yake. Kisha Aziz akasema, huku akitazama viatu vyake, kwamba mama yake anauliza pia kwa nini Bibi alikata simu pale alipokuwa anajibiwa swali la pili. Jibu la swali la pili lilikuwa: tumemkubali, na Rahila alisema ndiyo kabla mama yake hajamaliza kuuliza.

Nilimuuliza Aziz, kwa tahadhari, kama samaki ana shingo. Akamgeuza jodari, akanionyesha kidole pale nyuma ya kichwa, akasema kwao ndivyo wanavyopaita.

Kwa hiyo tafadhali usiiondoe adapta. Hata ukitaka huwezi, maana Bibi mwenyewe ameshaing'oa ukutani kwa nyundo ya kuvunjia kaa, ameipangusa vumbi, na ameiweka sebuleni kwenye kitambaa cha kufuma, ilipokuwa picha ya babu. Huko kwenye ubaridi haichelewi tena hata kidogo. Amekwisha piga Qurum, akauliza magoti akajibiwa magoti, akauliza harusi akajibiwa harusi, na mtaa mzima umesikia vigelegele kwenye spika za maulidi.

Nilimkumbusha kwamba juu ya boksi imeandikwa "ya nje." Akaniambia, "Ilikuwa. Sasa keshatuozea mtoto, huyu ni wa ndani."

Umesikia mwenyewe, Ami: huyu. Basi naomba ombi la nne nalo lifutwe, kwa sababu adapta keshakuwa kiumbe mwenye uhai, na kwa tangazo langu Bibi asingeruhusiwa kumsifu kwenye simu.