Chupa ya Kijani ya Lavender

Jumatano, 5 Machi 2025

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Nimemwamsha Lavender kwa uji, nikamwaga kidogo godoroni, akacheka. Kicheko hicho! Mimi Mogire, fundi wa simu hapa Keumbu, nimeoa mtaalamu wa vyakula. Kanionyesha chupa yake: uzuri wote wa chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, pamoja na uchungu wake, umefungiwa ndani ya matone ya mafuta ya avokado, madogo hata jicho halioni. Ulimi haujui, tumbo linapata. Jumapili watoto wa kijiji cha Magwagwa wataonja kwenye uji. Wakikubali, shule nzima ya chekechea itapewa. Maabara inapakwa rangi, kwa hiyo chupa inakaa kwetu. Niiache mezani, kasema, nisifanye lolote. Akarudia: lolote.

Duke wa maabara humwita "Daktari wangu". Wangu!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango! Duke hubeba chupa tu. Mimi nitaihifadhi kisayansi. Nyama hudumu kwenye friza ya bucha ya Nyabuto, seuze chupa? Nyabuto kauliza kama ni dawa ya ng'ombe. Nikamwambia ni akili ya mke wangu. Akaiweka kati ya matumbo.

Ijumaa, 7 Machi

Ole wangu! Nimeitoa kwenye friza, barafu imeyeyuka: mafuta juu, maji ya kijani chini, kama wakwe waliokosana. Nikatikisa. Nikakoroga kwa mwiko. Nikaonja. Uchungu wote umetoka kifungoni!

Lavender kafika saa tisa. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kanieleza kwa upole kwamba barafu hubana matone mpaka yanapasuka na kuungana. Anavyotamka "yanapasuka"! Kisha akatazama jua. Likizama, Sabato imeingia, hagusi kazi. Na mchanganyiko mpya lazima utulie siku nzima kabla ya Jumapili.

Ikabidi nimpigie Duke simu. Mimi! Kaleta mashine ya kuchanganyia kwa boda, akaniuliza: shemeji, kwani ulitaka kuiuza kwa kilo? Lavender kamaliza dakika tatu kabla jua halijazama, pua ikiwa na doa la kijani. Sijaona pua nzuri hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Magwagwa. Mtoto wa kwanza akaonja. Nikafumba macho. Akaomba kikombe kingine! Phanice, mwenyekiti wa kina mama, kakubali: muhula mzima, mradi chupa ya pili ifike Jumanne ikiwa sawa na hii. Lavender kanishika mkono mbele ya Duke. Mbele ya Duke!

Jumatatu, 10 Machi

Chupa ya pili iko mezani. Niiache, kasema. Lakini sasa mimi si yule wa Alhamisi. Nimeelimika: adui ni baridi! Na leo mvua inanyesha tangu asubuhi. Nimeivika sweta yangu, nikaiweka kando ya jiko, karibu kabisa.

Saa moja tu, tazama! Juu pametokea duara la dhahabu kama la mafuta kwenye supu, linang'aa, linazidi kunenepa. Maskini, kumbe ilikuwa inaona baridi. Nimemwita Lavender aje ajionee mwenyewe.