Mjane wa Milano Alilima Ngoro

Jumatatu, 4 Novemba

Sijui Kiitaliano. Sijawahi kukijua hata siku moja. Haya, nimeandika. Mkono haujakauka.

Miaka hamsini na moja Songea nzima inaamini kwamba mimi, Mwalimu Bartolomeo, mstaafu, mkazi wa Majengo, nasoma Kiitaliano kama wengine wanavyosoma ratiba ya mabasi. Chanzo ni kijitabu changu cha mwaka 1973, Hadithi Kumi kutoka Italia. Jalada linasema nimezitafsiri. Sikutafsiri kitu! Ni hadithi za marehemu mke wangu Adela, Mmatengo wa Litembo, alizokuwa akinisimulia barazani huku akichambua maharage. Mara ya kwanza nilizipeleka kwenye kamati ya vitabu kama zilivyo. Zikarudi na barua: hadithi za vijijini zipo za kutosha. Nikamhamisha mjane kutoka Litembo kwenda Milano, mto Ruhuhu nikauita Po, nikazipeleka tena. Zikapokelewa kwa mikono miwili. Nikapewa na cheti.

Nisijidhulumu, lakini. Za Adela ni tisa. Ya kumi niliitunga mwenyewe. Hilo liwe wazi.

Daktari amesema moyo umechoka, nipange mambo yangu. Nilikuwa nimepanga kufa kimya kimya pamoja na Kiitaliano changu. Lakini leo Noela, mjukuu ninayeishi naye, amerudi chuoni akirukaruka. Wameanza kozi mpya: Fasihi za Lugha za Kirumi. Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kireno, zote humo. Kijitabu changu kimo kwenye orodha ya kusoma. Mhadhiri wao, Dokta Makarius, anataka kuipa kona ya maktaba jina langu. Na Noela amekwishaandikisha mada ya kazi yake ya muhula: atalinganisha tafsiri ya babu yake na maandishi ya asili.

Maandishi ya asili. Nikaomba maji.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza: mchwa.

Nilimwambia Noela asubuhi, kwa sauti ya msiba, kwamba maandishi ya asili yaliliwa na mchwa mwaka 1988. Yote. Hadi kamba iliyoyafunga. Nilijifuta jicho. Noela alinipa pole, halafu akauliza: na kile kitabu cha Kiitaliano kilicho kwenye sanduku la bati, ambacho Babu alikuwa anatuonyesha kila Krismasi, nacho ni nini?

Nilikisahau kabisa. Mjinga mimi! Niliwaonyesha watoto, wajukuu, wachumba wa wajukuu. Askofu aliwahi kukigusa.

Kitabu hicho ni maelekezo ya mashine ya kusaga mahindi. Aliniachia fundi wa Kiitaliano aliyekuja kufunga mashine kule Maposeni. Kurasa zenye michoro nilizichana mwaka 1974, baada ya mkaguzi mmoja kuuliza kwa nini mapenzi ya Italia yana mikanda na pulei.

Mchana akaja jirani yangu Muhsini kunijulia hali, maana yake kuangalia kama nimekufa. Muhsini ni mtu wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyestaafu. Ana miaka sabini na tisa, mimi themanini na mbili, na hajawahi kuniamkia shikamoo bila kuongeza kwamba haoni tofauti yetu ni nini. Ujana wake aliumalizia Msumbiji, anazungumza Kireno. Nimemkatiza kila alipotaka kukizungumza mbele za watu tangu mwaka 1980. Mtaa mmoja hauwezi kuwa na wasomi wawili wa Ulaya.

Noela alimweleza kuhusu kozi. Muhsini akauliza na Kireno kimo? Kimo, akajibiwa. Akatabasamu hadi alipoondoka. Sikupenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Dokta Makarius amekuja mwenyewe. Kijana mpole, viatu vinang'aa. Ameniamkia mara mbili, mlangoni na kitini. Anaomba kesho saa tisa niwasomee wanafunzi ukurasa mmoja wa asili, wasikie tu sauti ya lugha. Nilisema afya hainiruhusu. Akasema watanifuata kwa gari. Nilisema macho. Noela akasema amepata miwani yangu.

Mpango wa pili, basi: nitasoma. Nani atajua? Nilikaa seminari miaka mitatu, nikasoma masomo ya Kilatini kanisani hadi wazee wakalia, nao hawakuelewa neno. Kinachohitajika ni koo na uso.

Nimefanya mazoezi chooni. Kuna neno moja linarudi karibu kila ukurasa, lina alama ya mshangao. Nimeamua kulitamka kama mtu anayemwita mpenzi wake ng'ambo ya mto.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Wanafunzi arobaini na zaidi, wote kimya. Nilisoma nimesimama, mkono mmoja kwenye meza. Nilinong'ona, nikapanda, nikatetemeka (kutetemeka hakukuwa kazi). Kila nilipofika kwenye lile neno lenye mshangao nilinyoosha mkono kuelekea dirishani. Binti mmoja mbele alitoa leso. Dokta Makarius alisema sasa ameelewa kwa nini fasihi lazima isikike. Noela alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa na miaka mitano.

Doa moja tu. Muhsini alikuwa amekaa nyuma. Alitoka msikitini, akaomba lifti kwenye gari la chuo, nani amkatalie mzee? Alipiga makofi kuliko wote.

Tukirudi, Noela akiwa mbele na dereva, aliniinamia sikioni. Akasema hongera, Mwalimu. Kireno na Kiitaliano ni ndugu, mama mmoja, baba mmoja, kwa hiyo ameambulia nusu nzima. Amefurahi sana kujifunza kwamba grisi itiwe kila baada ya saa hamsini. Na lile neno ulilokuwa ukiliita kwa mahaba, Mwalimu, maana yake ni tahadhari.

Nilimwambia amechanganya. Akasema wallahi, usitie mkono mashine inapozunguka. Alirudia hadi Majengo.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Akasema tu kwamba miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwomba asome chochote.

Usingizi hauji.

Jumapili, 10 Novemba

Balaa limetoka upande nisioutazama. Niliogopa Kiitaliano, kumbe mimi nimeangushwa na shamba.

Noela alikuja na mwanafunzi mwenzake, Hironimus, mtoto wa Mbinga, mrefu, ana daftari. Aliniamkia vizuri. Kisha akasema ana swali dogo kuhusu hadithi ya kwanza, ya mjane wa Milano. Ukurasa wa nne, shemeji zake wanakataa kumlazia nyasi shambani ili ashindwe kulima, waichukue ardhi. Mjane anakata nyasi mwenyewe, anazipanga miraba miraba mlimani, anachimba udongo katikati, anazifukia, anapanda maharage. Hironimus akauliza, kwa adabu kabisa: Babu, Waitaliano nao wanalima ngoro?

Mungu wangu. Ngoro! Hayo mashimo ya Wamatengo, mwanamume kulaza nyasi, mwanamke kuchimba, hayapo popote duniani ila kwao. Nilibadilisha majina yote, nikabadilisha mto, nikampa mjane gauni la hariri. Shamba nikaliacha kama Adela alivyolilima! Mimi Mngoni, nilidhani kila mlima unalimwa hivyo.

Mpango wa tatu, wa papo kwa papo. Nilisema ndiyo, Milano ina milima mikali, na wataalamu wanaamini ngoro ilipelekwa huko na wamisionari. Hironimus aliandika. Akauliza na ukurasa wa sita, wanapokaanga kumbikumbi? Nikasema kumbikumbi wa kule ni wadogo kidogo. Na pombe ya ulanzi? Nikasema mianzi inaota kila mahali.

Noela alikuwa ameacha kuandika.

Hironimus akaomba radhi, akampigia simu bibi yake aliyeko Litembo, akaweka sauti kubwa. Akamsomea aya moja tu. Bibi akamkatiza, akaimalizia hadithi mwenyewe kwa Kimatengo, pamoja na wimbo wa mjane ambao mimi niliuruka kwa sababu sikuweza kuupata kwa Kiswahili. Akaimba wote. Halafu akauliza kwa sauti ya kushangaa: nani huyo anayesimulia? Hiyo ilikuwa ya Adela. Tulichunga naye mbuzi. Hakuna aliyeijua kama Adela, yule aliyeolewa na mwalimu wa Songea.

Hironimus alikata simu taratibu sana. Akaaga.

Noela alikwenda jikoni. Sikusikia hata sufuria.

Jumatatu, 11 Novemba

Noela haongei nami. Ugali umekuja, mboga imekuja, maji ya kunawa yamekuja, neno halikuja. Nilijaribu kukohoa vibaya. Akaniletea dawa, akaondoka.

Jioni nilimwita. Nilimweleza yote: kamati, barua, mto Po, mashine ya Maposeni. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: kwa hiyo nimekua na bibi aliyetunga kitabu, nikawa namwona kama mtu wa kuchambua maharage tu? Kisha akasema keshokutwa anatakiwa kuwasilisha mada yake mbele ya darasa, na mada haipo tena, kwa sababu ya asili hakuna.

Nilitaka kusema ya asili ilikuwapo, ilikaa barazani miaka arobaini na mitano. Nilichosema ni kwamba nitakwenda mwenyewe darasani. Limenitoka tu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda. Muhsini alinishika kiwiko, bila kuombwa, na bila kusema lolote la grisi.

Niliwaambia wanafunzi kwamba sijui Kiitaliano, kwamba walichokisikia Ijumaa ni matunzo ya mashine ya kusaga, na kwamba hadithi ni za mke wangu. Binti wa leso akaangalia leso yake. Kisha mtu nyuma akaanza kucheka, na wote wakacheka, na mimi nikacheka hadi nikapewa kiti. Nilitarajia mawe. Dokta Makarius alisema hii ndiyo kozi yenyewe: kwa nini mjane ilibidi ahamie Milano ndipo asomwe. Noela amepata mada mpya. Anakwenda Litembo na Hironimus kurekodi zilizobaki, na ule wimbo. Kona ya maktaba itaitwa Kona ya Adela.

Ya Adela. Sawa. Ni haki.

Hapo ningekaa kimya. Lakini kuona jina langu likiondoka hivyo ukutani, zima zima! Nikainua kidole. Nikasema kwa ajili ya ukweli, maana leo ni siku ya ukweli, hadithi ya kumi niliitunga mimi. Ile ya mfinyanzi. Wakapiga makofi. Dokta Makarius akasema kumbe ndiyo bora kuliko zote, na itawekwa ukutani kwenye fremu, na jina langu chini. Noela alinishika mkono. Mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kisha Muhsini akaitwa mbele asome Kireno. Alisoma barua ya zamani ya rafiki yake wa Nampula, karatasi imechakaa kwenye mikunjo. Hakunyoosha mkono, hakutetemeka. Alisoma tu. Nusu darasa walilia, na safari hii walikuwa na sababu, kwa sababu alitafsiri sentensi kwa sentensi. Mtu yule ana sauti. Niliona wivu hadi kwenye magoti.

Mwisho Dokta Makarius akauliza kama kuna mzee yeyote mjini anayejua Kihispania, kwa ajili ya muhula ujao. Nikaona mkono umeinuka. Ulikuwa wangu.

Alhamisi, 14 Novemba

Padre amekuja na mafuta ya wagonjwa. Nimeungama uongo tisa. Akaniuliza kama ndiyo yote. Nikasema ndiyo yote, Padre. Ameniombea vizuri.

Muhsini amepita, akaniuliza Kihispania changu kinaendeleaje. Nimemwambia nanoa. Akasema alhamdulillahi, amenitafutia kitabu, ni cha pampu ya maji.

Noela ameleta jalada jipya lililochapwa ili nilikague. Hadithi za Adela, maandishi makubwa. Chini, madogo: pamoja na hadithi moja ya mumewe. Ameuliza kama nimeridhika. Nikasema fremu iwe ya mbao, isiwe ya plastiki. Amecheka, amekwenda chuoni nalo.

Sasa niko peke yangu na daftari hili, pumzi fupi. Nimeisoma tena ya kumi. Mfinyanzi anatengeneza vyungu, mumewe anavipeleka mnadani na kusema vimetoka mbali, anasifiwa yeye. Vyungu tisa. Cha kumi mke anakitoboa chini tundu dogo, anamkabidhi mumewe, anamwambia akitazame vizuri kabla hajaondoka. Mume hatazami. Anasema kizuri, anakibeba.

Ni Adela aliyenisimulia. Barazani, bakuli la maharage mapajani, mikono imesimama, akinitazama usoni hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi, naandika haraka nisisahau, na nilipomaliza nilimwambia ni nzuri.