Nyuzi Mia Saba na Ishirini

Injinia, ambaye uinjinia alijipa mwenyewe siku aliponunua kipimapembe cha plastiki, alikuwa akipita zake aliposikia mama mwenye nyumba akimlalamikia fundi wa ukuta kwamba kiwanja ni kidogo. Akasimama. Mtu asiyetosheka na alichonacho, kwa Injinia, alikuwa riziki iliyojileta yenyewe.

"Shikamoo mama. Kiwanja chako si kidogo. Kina kona chache tu."

"Marahaba. Chache vipi?"

Akaegesha kipimapembe kwenye kona. "Hapa nyuzi tisini. Kona nne, mia tatu na sitini. Sasa tukizikata hizi mbili za barabarani, unabaki na ngapi?"

"Mbili."

"Sita, mama!" Akamchorea mchangani. "Kona ukiikata inazaa mbili. Na umbo la kona sita, pembe zake za ndani zinafika nyuzi mia saba na ishirini. Mara mbili ya ulizonazo!"

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Injinia hakuwahi kudanganya kwenye hesabu. Alidanganya pembeni yake.

"Na pembe za nje?" mama akauliza, macho yamemtoka.

"Ah, za nje hazina maendeleo. Hata uweke kona mia, jumla ni ile ile mia tatu na sitini. Ndiyo maana vile vipande vitakavyobaki nje ya ukuta nitavichukua mimi, viwe ujira wangu. Nikuondolee takataka."

Mama akamshukuru mpaka akajifuta machozi. Wakaandikishana kwa mwanasheria, na mama ndiye aliyeng'ang'ania iandikwe: vipande hivyo na vyote vilivyomo, juu na chini ya ardhi. Injinia akatia saini huku akiviona kichwani vibanda viwili vya biashara atakavyovijenga kwenye vipande hivyo, vimejaa wateja.

Ukuta ulipokwisha, akaja na jembe kuchimba msingi. Jembe likagonga zege. Akafukua, akakuta mfuniko, akauinua. Harufu iliyotoka humo haikuwa ya biashara.

"Ndilo shimo la choo la wapangaji wote," mama akasema kwa upole kutoka upande wa pili wa ukuta. "Limejaa zamani, na kila siku wapangaji walikuwa wakinidai nilitapishe. Nilikuwa silali, mwanangu. Mungu akubariki."

"Mama, tuvunje mkataba!"

"Nipoteze nyuzi zangu zote hizi?"

Geti likafunguka. Wapangaji wakatoka na ndoo zao na watoto wao, wakampangia foleni kwa heshima ambayo hajawahi kuipata maishani.

"Shikamoo, baba mwenye shimo," akaanza mzee mmoja ambaye angeweza kumzaa. "Tunaomba uingie ndani kidogo, ujionee hali ilivyo."