Mlango Unaonijua

Jumatatu, 6 Mei. Bosi ametangaza. Ijumaa nyambizi zetu mbili ndogo, za mtu mmoja mmoja, zitaunganishwa ndani ya tangi la majaribio. Mlango wa kupitia kutoka moja hadi nyingine nimeuchora mimi. Baada ya hapo atateua mkuu wa wasanifu. Tunaoitaka nafasi ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji ni mpole na kila mtu anampenda. Inachosha.

Jumanne, 7 Mei. Nimepata wazo. Gurudumu la mlango kila mtu hulifungua kwa kuzungusha kushoto. Langu litafunguka kwa kulia. Shemeji ndiye atakayekaa ndani. Atahangaika, kijasho kitamtoka, kisha nitachukua simu nimwelekeze taratibu. Bosi ataona nani hawezi kukosekana. Fundi wa kuchomelea ameuliza kama mchoro uko sawa. Nimemwambia asinifundishe kazi.

Alhamisi, 9 Mei. Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu bafuni. Nikasema ni mambo ya kazi. Akanikumbusha kwamba kazi yenyewe niliombewa na kaka yake. Sikuona sababu ya kuleta habari hizo mezani.

Ijumaa, 10 Mei. Bosi kabadili mpango. Kasema aliyeuchora mlango ndiye aingie, nyambizi ya pili ikae tupu. Shemeji akanipigia makofi, tena kwa moyo safi. Nikaingia.

Chini ya maji kuna ukimya nisioupenda. Pampu ikanyonya maji yaliyobaki katikati ya milango ya nyambizi zote mbili, bosi akasema kwenye simu nifungue. Tone likanidondokea shingoni. Akili ikaruka. Mkono ukaenda kushoto, kama uendavyo kwenye bomba la nyumbani, na kila nilivyozidi kuogopa nilizidi kukaza. Nilimwita mama. Nilimwita bosi. Mwisho nilimwita shemeji. Niliogopa kufa, nasema kweli.

Winchi ikanitoa majini. Shemeji akalijaribu gurudumu la nje, likagoma. Akajaribu upande wa pili, mlango ukafunguka. Lile tone lilikuwa jasho langu. Akanishika mkono, akasema, "Pole, shemeji. Nani kakuharibia mchoro?" Mke wangu alikuwa amekuja kushuhudia. Akauliza kama hayo ndiyo mambo ya kazi yaliyonichekesha bafuni.

Jumamosi, 11 Mei. Nafasi kapewa shemeji. Sauti imenikauka kwa kelele za jana. Mke hasemi nami, nami siwezi kusema naye, basi nyumba imetulia.

Jumapili, 12 Mei. Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Ni gurudumu. Gurudumu anaweza kulizungusha mtu yeyote. Mlango mpya nimeshauchora: hauna gurudumu wala mpini, unafunguka ukisikia sauti yangu peke yake. Kesho nitamweleza bosi. Itabidi nimwandikie kwenye karatasi, maana sauti bado haijarudi.